Mkazo Huangukia Wapi

Jumapili, 14 Januari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima kwa hesabu ya vichwa: Baba yupo, Mama yupo, Bibi yupo kitandani mwake sebuleni tangu ule kiharusi, na mimi nipo. Joto limezidi, kwa hiyo friji za watu zinaharibika kila siku, na Baba hutoka mapema kuzitengeneza akarudi ananuka gesi. Jirani yetu Mama Mapacha anakusalimu. Mapacha wameota meno na wanamng'ata kila anayewabeba, hata nesi wa chanjo. Shule zimefunguliwa. Nimeingia kidato cha tatu, na mwalimu wa Kiswahili amenifanya msomaji wa darasa. Hesabu tuziache.

Ningependa barua yote iwe ya habari kama hizo, lakini sikushika kalamu kwa ajili ya hizo.

Mama alianguka. Ilikuwa kabla ya mwaka mpya. Alikuwa anamgeuza Bibi ubavu, akasema, "Subiri kidogo," akakaa chini, kisha akalala sakafuni kama mtu aliyeamua. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, na alisema moyo umempanda kooni. Hospitali wakampima damu, wakampima moyo kwa ile mashine ya nyaya, wakampiga picha ya kifua. Daktari akasoma karatasi zote akasema, "Mama, huna kitu." Alisema kwa furaha. Njiani Baba akarudia, "Umesikia? Huna kitu. Tushukuru." Kweli nilishukuru. Lakini tulipofika, Mama alikwenda moja kwa moja kumgeuza Bibi, na jioni mkono ukafa ganzi tena. Tangu hapo kila akisema anaumwa, jibu liko tayari. Ni kama amefungiwa mlango, na ufunguo wanao watu wa maabara.

Ukuta wa chumba changu ni mwembamba. Nimemsikia Baba akisema, "Akizidiwa kabisa, mtoto atakaa nyumbani amwangalie Bibi." Mtoto ndiye mimi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga nani atakwenda dukani.

Wewe uko kwenye kituo kinachotafiti jinsi akili na mwili vinavyoumizana. Uliwahi kuniambia kwamba huko mnawaona wanawake ambao vipimo vyao ni safi na bado wanaumwa kweli. Nitumie kitu kilichoandikwa, ambacho Mama anaweza kukisoma mwenyewe. Nikimwambia mimi ataona namhurumia tu.

Utakuja lini? Mwaka jana hukuja hata siku moja.

Mwanao, wa dada yako


Ijumaa, 9 Februari

Mwanangu Msomaji wa Darasa,

Marahaba, na hongera kwa cheo. Mimi ni mzima, chumba ni kilekile juu ya duka la rangi. Mwenye nyumba amepaka ngazi rangi bila kumwambia mtu, kwa hiyo wapangaji wote tuna nyayo za kijani na tunajuana nani amekwenda kwa nani.

Barua yako niliisoma kwenye ngazi hizo, nikaisoma tena ofisini. Dada hakuniambia kwamba alianguka. Kila nikimpigia husema, "Tunaendelea." Sasa nimejua: dada yangu akisema "tunaendelea", amelala sakafuni.

Shika hili kwanza. "Huna kitu" maana yake ni kwamba hawakukiona kile walichokitafuta. Haina maana kwamba maumivu hayapo. Na kwa kuwa moyo hauchezewi, hali ikimrudia kwa nguvu arudishwe hospitali palepale, msingoje kijitabu changu.

Kijitabu chenyewe hiki hapa. Mimi kazi yangu ni kuwahoji wanawake. Anayeandika ni Mtafiti Mkuu wetu, mwanamke mwenye akili nyingi na sentensi ndefu. Tulibishana neno moja mwezi mzima. Watu husema "msongo wa mawazo", lakini yeye akasema huo ni wa mawazo tu, na sisi tunataka neno linaloushika na mwili. Akachagua "mkazo". Utaliona.

Nina ombi. Tukiwauliza wanawake, "Je, una mkazo?" wote hujibu, "Sina," huku wameshika kifua. Hatujui tunakosea wapi. Ukimsomea mama yako, niandikie alivyosema, usinisafishie.

Kuhusu kuja, tuyaache kwanza. Baba yako msalimie.

Mama yako mdogo


Jumanne, 5 Machi, saa nne asubuhi

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo, na pole na ngazi. Sisi tunaendelea. Nimeandika neno hilo kabla ya kukumbuka ulivyolisema, na sitalifuta kwa sababu karatasi zimebaki chache. Baba amepata kazi ya majokofu ya bucha. Bibi anakula vizuri.

Kijitabu kilifika. Mama alikifungua, akasoma ukurasa wa kwanza, akalala usingizi mzito ambao hajaupata tangu mwaka uanze. Kwa hiyo siwezi kusema hakikumsaidia.

Jumamosi Msusi wa saluni ya mtaani kwetu alikuja kumsuka Mama hapahapa sebuleni, kwa kuwa Mama hawezi kwenda saluni akamwacha Bibi. Mama Mapacha naye alikuwa amerudisha sufuria akakaa. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikasoma kwa sauti: "Mkazo sugu huathiri mifumo mbalimbali ya mwili wa mwanamke."

"Sugu kama ya kisigino?" akauliza Msusi.

"Na huo mkojo sugu ndio upi?" akasema Mama Mapacha.

"Mkazo, mama, si mkojo."

"Wewe unasoma mbio. Mimi nimesikia mkojo, nikasema kumbe wananijua! Tangu nijifungue hawa wawili, nikicheka tu nimekwisha."

Basi wakacheka, naye akasema, "Msinichekeshe, nimewaambia," wakazidi. Hata Bibi mabega yalitikisika. Walipotulia waliniuliza mkazo ni nini, na mimi nikaeleza ule ninaoujua, wa darasani. Nikasema mkazo ni ile nguvu ya sauti. Katika maneno yetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema pi-KA-ni, ha-ra-KA-ti. Silabi ya kwanza hupita, ya mwisho hupita, ile ya kabla ya mwisho ndiyo hubebeshwa.

Nilikuwa najua kabisa kwamba hiyo ni sarufi, wala siyo alichokusudia Mtafiti Mkuu. Nilitaka tu kupata muda wa kufikiri. Lakini wao wakalichukua kwa uzito.

Msusi alikuwa ameshika kitana hewani. Akasema, "Kwangu basi ni mimi. Wa kwanza ni mume, huyo anatangulizwa. Wa mwisho ni mtoto, huyo anabebwa. Mimi niko hapo kabla ya mwisho."

"Kwangu za mwisho ziko mbili," akasema Mama Mapacha, "na zote zina meno."

 Kichwa cha Mama kilikuwa kimeinamishwa magotini mwa Msusi, sikumwona uso. Akauliza, "Na neno likiwa na silabi moja tu?"

"Unaangukia hapohapo, Mama. Hauna pengine pa kwenda."

"Basi," akasema Mama.

Msusi akauliza kama mkazo hauhamishiki. Nikasema unahamishika, ndivyo barabára ya magari inavyotofautiana na barábara ya kusema kitu kiko sawasawa. Herufi ni zilezile, umehama mkazo tu. "Haya," akasema Msusi, "wa mama yako tuuhamishie kwa nani?"

 Mama aliinua kichwa akanitazama, kisha akaangalia pembeni haraka.

Nisamehe kwa kuliharibu neno lenu. Shule inaendelea vizuri. Bado hujasema utakuja lini.

Mwanao


Jumamosi, 20 Aprili

Mwanangu,

Nimechelewa. Nilikuwa na safari za kuhoji watu, nikarudi na mafua, na barua yako yenyewe niliiazimisha ikachukua muda kunirudia. Ulikuwa umemwandikia mtu mmoja. Imesomwa na ofisi nzima. Usikasirike.

Mtafiti Mkuu aliisoma amesimama. Akasema, "Huyu mtoto amekosea." Akaenda dirishani, akarudi. "Amekosea vizuri sana."

Tukajaribu. Wanawake waliokuwa kwenye benchi la kusubiri sikuwauliza kama wana mkazo. Niliwaeleza silabi zako, nikauliza, "Kwenu huangukia wapi?" Mwanangu! Mpishi wa shule mmoja alisema unaangukia kwake tangu dada yake afariki na kumwachia watoto, na kwamba taya zake huuma akiamka. Mwenzake, mlinzi wa ghala, akasema, "Mimi ni shingo, nilidhani ni kofia ya kazi." Walisemeshana wao kwa wao, mimi nikabaki kuandika tu. Miaka yote tumekuwa na matokeo ya utafiti kabatini na hakuna mwanamke wa benchi lile aliyeyaelewa, kwa sababu tuliyaandika tukitazamana sisi.

Kijitabu kimeandikwa upya. Kinaanza na somo lako na sentensi zake zinaishia kabla mtu hajasinzia. Na kuna jambo kubwa zaidi: zahanati ya mtaani kwenu imepewa vikao vya wanawake, kila Jumanne alasiri, na nesi aliyefundishwa. Wanajifunza mwili unavyoshika hofu, namna ya kupumua, namna ya kuyasema. Hakuna miujiza, lakini kwa wengi tuliowafuatilia imesaidia. Dada aende. Mwambie ni amri ya mdogo wake.

Sasa na mimi nikusome. Juu ya barua yako uliandika Jumanne, saa nne asubuhi. Saa nne ya Jumanne mwanafunzi wa kidato cha tatu yuko darasani. Ulikuwa wapi?

Mama yako mdogo


Alhamisi, 9 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mafua pole. Mapacha wanatembea. Safari hii sikuandika saa.

Mama hakwenda. Alivaa, akachana nywele, akafika mlangoni, na Bibi akaita. Mwezi wa tatu Bibi alipatwa tena na kiharusi kidogo, na sasa maneno yake hutoka yamevunjika hivi kwamba ni Mama peke yake anayeyaunga. Mimi hupata nusu. Baba hapati hata moja, na huyo ni mama yake mzazi, husimama hapo akauliza, "Amesema nini?" kisha hungoja Mama amwambie. Kwa hiyo hata jirani akijitolea kukaa na Bibi haisaidii. Bibi akitaka maji atapewa blanketi, na akikosa kueleweka hulia. Mama akarudi ndani, akavua viatu.

Mama Mapacha alikwenda. Aliambiwa watoto hawaruhusiwi kwenye kikao, akageuka. Msusi Jumanne alasiri ana wateja. Nesi amemwambia Baba walipokutana bucha, "Wanawake wa mtaa wenu naona hawana mkazo, hakuna aliyekuja." Baba alifurahi kuisikia hiyo. Alituletea kama habari njema.

Uliniuliza nilikuwa wapi. Jumanne na Alhamisi nabaki nyumbani ili Mama alale kidogo. Mwalimu wa darasa anajua nina "sababu za kifamilia". Siyo mbaya, naazima madaftari.

Nimemwambia Mama jambo la busara kabisa: kwa kuwa Jumanne nipo tu, nikae mimi, yeye aende kikaoni. Nilikuwa nimelipanga vizuri. Nimeanza kuelewa maneno ya Bibi zaidi ya nusu. Mama alikuwa anashona, mashine ikasimama. Akasema, "Ukiyajua maneno yake yote, wewe utatoka lini humu?" Nikasema ni mpaka yeye Mama apone. Akasema, "Mimi nipone kwa shule yako? Bora huu mkono ukatike." Hakutaka tuendelee. Tangu siku hiyo nikikaa karibu na Bibi kumsikiliza, Mama hunituma nje.

Kwa hiyo asipokwenda ataanguka, na akianguka nitakaa nyumbani. Na akienda, nitakaa nyumbani vilevile. Nimelizungusha swali hili kama la Hesabu na jibu linatoka lilelile.

Kwa nini huji? Mimi nadhani ungekuja ungejua la kufanya.

Mwanao


Jumatatu, 3 Juni

Mwanangu,

Salamu nitazijazia barua nyingine.

Mwalimu wako amewafundisha mnyambuliko? Píka. Ongeza kidogo mwishoni: pikía. Ongeza tena: pikiána. Mkazo haukai pale ulipokuwa; kila silabi inayoongezwa mwishoni inausogeza. Nimeukalia mfano huu wiki nzima kama kuku. Sisi tulitaka dada atoke. Hatoki. Basi nyumba ndiyo iongezwe watu. Kikao kije sebuleni kwenu, Bibi yupo, mapacha wapo, mashine ya kushonea ipo.

Mtafiti Mkuu alikataa. Akasema utaratibu unadai faragha, na chumba chenye mgonjwa anayesikia kila kitu hakina faragha. Nikamwambia wanawake hawa hawajawahi kuwa na chumba kisicho na mtu, kwa hiyo tukingoja faragha tutawatafiti kaburini. Alininunia siku mbili, kisha akasaini. Nesi atakuja kwenu Jumanne tatu za likizo yenu, kwa majaribio. Baba yako ameelezwa na dada kwamba ni "wageni wa zahanati". Zaidi ya hapo hajaelezwa.

Unaniuliza kila barua kwa nini siji. Sikutaka kukujibu kwa sababu ni baba yako, na si mtu mbaya. Mara ya mwisho nilimwambia dada mbele yake kwamba anachofanyishwa ni kazi ya watu watatu. Wakati wa kuaga, baba yako alinisindikiza hadi mlangoni akasema, "Shemeji, usirudi kumjaza mke wangu maneno." Kwa upole, mkononi ameshika mkoba wangu. Ndiyo maana najaza bahasha.

Shule zikifunguliwa Julai, nataka kusikia umekwenda. Jumanne pia.

Mama yako mdogo


Alhamisi, 4 Julai

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Leo nina habari nyingi na sijui kama zote ni nzuri. Mkono wa Mama bado hufa ganzi, hasa alfajiri. Juzi Jumanne kilikuwa kikao cha tatu. Viwili vya kwanza sikukuandikia kwa sababu Mama alikaa kimya vyote viwili, akiwapa wenzake chai kama mwenyeji.

Juzi nesi alimtaka kila mmoja aeleze mkazo wake anausikia mwilini mahali gani. Mama Mapacha akasema mgongo, Msusi, aliyekuwa amewasogeza wateja wake hadi jioni, akasema vidole na macho. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha Bibi. Akasema, "Kifuani. Kama kuna mtu amekaa." Kisha akaendelea, Mama Mdogo, mwenyewe. Alisema hupumua nusu, kwa sababu akivuta pumzi nzima anaogopa hatasikia Bibi akiita. Alisema haya Bibi akiwa palepale anamtazama. Akamgeukia akamwambia, "Mama, sikulaumu. Lakini sitaki mtoto wangu akae ukingo huu baada yangu."

Hapo mlango ukafunguka. Baba alikuwa amerudi mapema, bucha walikuwa hawana umeme. Akawatazama wote pale, viatu vimejaa mlangoni.

"Kuna msiba?"

"Bado, shemeji," akasema Msusi. "Ndiyo tunauzuia."

Hakucheka. Akasema mama yake mgonjwa anahitaji utulivu, na kwamba wageni wamalizie haraka. Nesi akaanza kukusanya karatasi. Mama aliangalia chini, na nilimwona pumzi yake inarudi kuwa ile ya nusu.

Bibi akasema kitu.

"Amesema nini?" akauliza Baba.

 Mama aliushika kwanza ukingo wa shuka. Akasema, "Amesema utoke."

Nakuandikia wewe peke yako: mimi sikusikia "toka". Nilisikia "toa". Bibi husema "toa" akitaka mto uondolewe chini ya goti lake. Tangu mwezi wa tatu Mama amekuwa akimpelekea Baba maneno ya Bibi bila kuongeza wala kupunguza, hata yale ya kumsema yeye Mama mwenyewe.

Baba akasogea kitandani, akainama. "Mama, umesema nitoke?"

Bibi alimtazama muda mrefu. Akamtazama Mama. Kisha akatikisa kichwa kukubali, polepole, mara mbili.

Baba akatoka. Kikao kikaendelea. Mama alilia kwa sauti, kitu ambacho sijawahi kukisikia kwa sababu nyumba yetu ni ndogo, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Nilipoona nesi ameanza kuwafundisha kupumua, nikaondoa mto chini ya goti la Bibi, nikatoka nje.

Baba alikuwa kwenye ngazi ya mlango. Sikujua nikae au nipite.

"Kweli bibi yako amesema nitoke?" akaniuliza.

Mmenifundisha nisiseme uongo. Nikasema, "Sikusikia vizuri, Baba."

"Hata mimi." Alikuwa anajifuta grisi ya vidole kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko vidole. "Mama yangu mwenyewe."

Ndani tuliwasikia wakivuta pumzi pamoja na kuziachia. Baba akasikiliza.

"Wataendelea kuja kila Jumanne?"

"Wakiruhusiwa."

Akakunja kitambaa, akakikunjua. Kisha akasema, "Jumanne ijayo uko shule."

Mama Mdogo, unajua lugha yetu ilivyo. Swali na kauli hutumia maneno yaleyale. Kinachotofautisha ni sauti tu mwishoni, na sauti yake ilikuwa chini, imechoka, haikupanda wala haikushuka. Alikuwa ananiuliza, au alikuwa ananiambia. Yeye mwenyewe nadhani alikuwa hajaamua.

Nilijibu kana kwamba ni kauli.

"Ndiyo, Baba," nikasema, nikaingia ndani kupiga pasi sare.

Mwanao, wa dada yako